Risasi zenye shingo ya chupa: ninavyozijaribu uwanjani kabla ya kuziamini

Mara ya kwanza nilipojaza mwenyewe risasi za bastola za .357 SIG, yaani kuweka fataki, baruti na kichwa kwenye maganda, nilijaza 100 kabla ya kupiga hata moja. Nilikuwa nimejaza za milimita 9 kwa miaka bila shida, nikadhani kazi ni ileile. Uwanjani nilipiga 12 nikasimama. Maganda yalitoka na masizi meusi hadi mabegani, mbili zilikataa kuingia chemba (tundu la nyuma ya mtutu) mpaka mwisho, na mwendo wa vichwa ulikuwa ukipanda na kushuka ovyo. Zile 88 zilizobaki nilizirudisha nyumbani, nikazibomoa moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Zilinichukua jioni mbili. Tangu hapo kila mchanganyiko mpya naanza nao kwa risasi 10 tu, na uwanjani napima na kuangalia kuliko ninavyofyatua.

Ganda la milimita 9 limenyooka karibu kama bomba. Maganda ya shingo ya chupa, kama ya .357 SIG, yana tumbo pana, kisha bega, kisha shingo nyembamba inayoshika kichwa cha risasi. Umbo hilo ni la zamani: risasi ya bastola ya Mauser ya 1896 ilikuwa nalo, Tokarev ya Kisovieti ya 7.62x25 ikalifuata, na .357 SIG ikaja 1994 kwa lengo la kuipa bastola ya magazini nguvu inayokaribia ya .357 Magnum, risasi ya bastola za silinda. Faida yake ni kwamba baruti nyingi inakaa nyuma ya kichwa chembamba, na risasi inaingia chemba kwa urahisi kwa sababu ncha ndogo inatafuta tundu kubwa. Gharama yake ni shingo. Kwenye .357 SIG sehemu inayokishika kichwa haifiki hata milimita 4, na shida zangu karibu zote zimeanzia hapo.

Shingo fupi isiposhika vizuri, kichwa kinarudi ndani ya ganda slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma na kujifunga) inapokisukuma kupanda njia ya chemba. Nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda sana hata kama kipimo cha baruti hakikuzidi. Ndiyo maana jaribio langu la kwanza halihitaji mlio hata mmoja. Natengeneza risasi tatu za bandia, zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni), nazipima urefu kwa kalipa, naziweka kwenye magazini, naiachia slaidi ijifunge kwa nguvu yake yote, natoa, napima tena. Wakati mmoja nilipata 28.90 kabla na 28.35 baada. Zaidi ya nusu milimita, kwa safari moja tu! Mchanganyiko ule haukwenda uwanjani. Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita naivumilia. Ikizidi hapo narudi mezani.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuubana mdomo wa ganda kwa nguvu zaidi. Mimi nawashauri wasifanye hivyo. Shaba ya ganda hurudi nyuma kidogo kama springi baada ya kubanwa, lakini kichwa kilichominywa hakirudi, kwa hiyo ukibana kupita kiasi shingo inalegea badala ya kukaza. Dawa iko kwenye kalibu, chuma cha kuminyia ganda, inayorudisha shingo kwenye kipimo, na kwenye uchaguzi wa kichwa. Vichwa vyenye ncha ya duara vya milimita 9 mara nyingi huanza kuchongoka mapema mno, na shingo inajikuta imeshika mteremko badala ya ubavu ulionyooka. Natumia vyenye ncha bapa. Baruti inayojaza ganda karibu na shingo nayo inasaidia, kwa sababu kichwa kinakuta kitu cha kukiegemea.

Kabla ya kufyatua natoa mtutu kwenye bastola na kudondosha kila risasi ndani ya chemba. Inatakiwa iingie kwa uzito wake, itoe mlio mdogo wa "tak", izunguke kwa kidole, na idondoke nikiupindua mtutu. Ikikwama, bega halijarudishwa vya kutosha au mdomo umetanuka. Ikizama kupita kitako cha risasi ya kiwandani, bega limerudishwa mno, na ganda litanyooshwa kila linapopigwa hadi lichanike. Na mafuta uliyopaka maganda ili yapite kwenye kalibu yafute yote. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na msukumo wote unaishia kwenye slaidi.

Sasa kufyatua. Miwani na vizuia sauti vya masikioni tayari, kipimo cha chini kabisa cha kitabu cha vipimo vya kujazia kwanza. Risasi ya kwanza inakaa peke yake kwenye magazini. Naipiga, naokota ganda, naliangalia, ndipo naweka ya pili. Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, hata kama shabaha imetoboka, simama, toa kila kitu, pitisha ufito mtutuni. Kichwa kilichokwama kikifuatwa na kingine kinapasua bastola. Usiposikia mlio kabisa, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa nusu dakika nzima ndipo ufungue.

Kipima mwendo nakiweka mita 3 mbele ya mtutu, maana ukikisogeza karibu moshi na mshindo vinakichanganya. Hiki ndicho shahidi ninayemwamini kuliko wote. Watu wengi husoma fataki: imebapa, haijabapa. Kwenye bastola dalili hiyo inachelewa. Unaweza kuwa umevuka mpaka na fataki bado inaonekana nzuri. Mwendo haujifichi. Kitabu kikisema mchanganyiko huo unaishia mita 400 kwa sekunde na mimi napata 415 kwa mtutu wa urefu uleule, basi shinikizo nalo limezidi, hata nione nini kwenye ganda. Mchanganyiko ninaoupenda sasa, wa kichwa cha gramu 8.1, ulinipa 391, 394, 388, 396 na 392. Tofauti ya 8 tu kati ya juu na chini. Zile 12 za mwanzo zilitofautiana kwa zaidi ya 40.

Maganda nayapanga kwa mfuatano yalivyopigwa. Masizi shingoni ni kawaida. Yakishuka hadi begani na tumboni, shinikizo lilikuwa dogo mno na ganda halikuziba chemba. Nazungusha kila mdomo chini ya taa nikitafuta ufa, kwani shingo ndiyo inayochoka kwanza. Naangalia pia yanaporukia. Yakianza kwenda mbali zaidi ya ya kiwandani, sipandishi tena. Kulenga vizuri nakuacha mwisho, nikiwa nimeshajua kwamba risasi ni salama.

Jambo moja limebaki, na naliogopa kuliko yote. Magazini za .357 SIG na za .40 S&W, risasi nyingine ya bastola yenye kichwa kipana zaidi, ni zilezile, na bastola nyingi hubadilishwa kutoka moja hadi nyingine kwa kubadili mtutu tu. Risasi ya .357 SIG inaweza kuingia kwenye mtutu wa .40 na ikafyatuka. Tokarev nayo inafanana mno kwa umbo na risasi ya Mauser, ila ina shinikizo kubwa zaidi, na bastola kongwe za Mauser hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Kwa hiyo nabeba aina moja tu kwa siku, boksi limeandikwa baruti, kipimo, kichwa na tarehe, na kabla sijalifungua nasoma kwa sauti maandishi yaliyochorwa kwenye mtutu.