Amua Idadi Kabla Chambo Hakijagusa Maji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbezi Beach, hapa Dar es Salaam, alinitumia picha. Boti ya faiba, watu wanne wanacheka, na sakafuni changu, chewa na kolekole wamepangwa kama matofali. Chini akaandika: "Kaka, arobaini na saba! Mbona wewe siku hizi unarudi na wanne tu? Umeishiwa mbinu?"

Sikumjibu siku ile. Jibu lake ni refu kuliko ujumbe wa simu.

Mdogo wangu, picha kama hiyo ninayo. Ni ya Machi 2014. Tulitoka Kunduchi alfajiri, mimi na wenzangu watatu wa kazini. Maji yalikuwa mafu, kaskazi imelala, bahari kama sinia. Nahodha alitupeleka kwenye mwamba anaoujua yeye, na tangu chubwi la kwanza, yaani uzito wa mshipi, lilipogonga chini hatukupumzika. Unatia kipande cha ngisi, unashusha, mshipi unavutwa. Unapandisha, unatia kingine. Hakuna aliyesema basi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema ngapi. Kufika saa saba mchana tulikuwa na samaki 62, madeli mawili, na barafu isiyotosha hata nusu yao.

Wakati wa kurudi mashine ikagoma. Tulifika ufukweni magharibi, samaki wa juu wameshalegea na macho yameingia ukungu. Tukagawana, tukagawia na majirani, mke wangu akakesha akiparua magamba. Asubuhi nilichimba shimo nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikafukia samaki 19. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Alisimama akamtazama chewa mmoja mkubwa, akaniuliza, "Umemtoa baharini uje umzike?" Akaingia ndani. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipoondoka, na mimi sijalisahau.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Nilijifunza kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume baada ya kukua na kuongezeka miaka. Aina nyingi za changu nazo ziko hivyo hivyo. Kwa hiyo sisi tunaoshindania wakubwa, tukirudi mwamba uleule kila mwisho wa wiki, tunaweza kuuacha na majike bila madume wa kutosha. Nilisoma pia jinsi Afrika Kusini wanavyowapangia wavuvi wa kujifurahisha. Samaki wanayemwita elf ni wanne kwa mtu kwa siku, urefu usiopungua sentimita 30, na Oktoba na Novemba haruhusiwi kabisa. Galjoen, samaki wao wa taifa, ni wawili tu. Ile nne nikaichukua. Kwao ni ya aina moja ya samaki. Kwangu ni ya samaki wote nitakaorudi nao nyumbani siku hiyo.

Niliwaambia wenzangu tukubaliane wanne kila mmoja. Mmoja alisema najifanya Mzungu. Mwingine akasema kama ni hivyo tumhesabu na nahodha, na mtoto wa nahodha, ili tupate 24. Safari iliyofuata nilisubiri simu, haikuja. Niliona picha zao Jumapili jioni. Iliniuma, na nikipita Msasani nikaiona boti ile imetia nanga, bado inaniuma.

Sasa ushauri wenyewe. Idadi iamuliwe nchi kavu. Ukishakuwa juu ya mwamba na samaki wanakula, huna akili ya kuamua, una mikono tu. Isemwe kwa sauti, nahodha asikie. Na wahesabiwe wale tu wanaoshika mshipi, si kila kichwa kilichomo botini.

Jambo la pili ndilo watu wengi wanakosea. Ukitimiza wanne wako, acha kuvua samaki wa chini mwambani. Usiniambie utaendelea na utawarudisha majini. Samaki wa kina kirefu akipandishwa haraka, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka. Tumbo linavimba, macho yanatoka, wakati mwingine tumbo la ndani linatokeza mdomoni. Ukimtupa anaelea ubavu, anaondoka na mkondo, anakufa. Huyo nawe umemvua, hata kama hayumo kwenye deli. Vilevile usitupe mdogo aliyekwisha kufa ili kumpa nafasi mkubwa aliyekuja baadaye. Nimeona watu wazima, wenye heshima zao, wakifanya hivyo.

Na kuzunguka visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini idadi ni sifuri. Hayo ni maeneo tengefu, kuvua ni marufuku. Kutia nanga pembeni na kuuachia mshipi uingie na mkondo ni kuvua, hakuna jina lingine.

Nenda soko la samaki la Feri alfajiri uwatazame wanaoshusha samaki. Yule aliyekesha baharini analipa mafuta, barafu na ada ya mtoto kutokana na anachokishusha. Mimi na wewe Jumatatu tunarudi ofisini na mshahara uko palepale. Miamba anayoitegemea yeye ndiyo hiyo tunayoendea kupumzisha mawazo. Mtu asiye na njaa akijaza boti kwa ajili ya picha, anapaswa kuona aibu. Nasema hivyo nikijua nilikuwa wa kwanza kutoiona.

Jumamosi iliyopita nilipata wa nne saa tatu na nusu asubuhi: changu watatu na kolekole mmoja. Nilikunja mshipi, nikanywa chai, nikamsikiliza nahodha akinionyesha jinsi babu yake alivyoitambua miamba kwa kulinganisha minazi na vilima vya nchi kavu. Miaka yote niliyovua naye, sikuwahi kumpa nafasi ya kunisimulia. Nyumbani tulikula wawili jioni, wawili nikampelekea mama, wabichi kabisa, matamvua mekundu. Aliwapokea mwenyewe mlangoni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sijaishiwa mbinu. Jumamosi ijayo natoka Kunduchi saa kumi na moja alfajiri, na nafasi moja ipo. Njoo na deli dogo.