Nahodha Aende, Lakini Mwamuzi Naye Ajibu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili, kwamba je, ni haki nahodha peke yake ndiye aruhusiwe kumwendea mwamuzi uwanjani, limenigusa kwa sababu nilishika kibendera, yaani nilikuwa mwamuzi msaidizi wa soka, katika ligi za ndondo za mitaani kwa miaka kumi na miwili, na nilizongwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Jibu langu ni ndiyo, ni haki. Hata hivyo, naona kanuni hiyo inapunguza tu idadi ya wanaosema, na haigusi kabisa suala la kama huyo mmoja aliyeruhusiwa kusema atasikilizwa na kujibiwa.

Kisa ninachokirudia kila mara nikifikiria jambo hili ni cha Antonio Rattín. Tarehe 23 Julai 1966, Uingereza na Argentina zilikutana katika robo fainali ya Kombe la Dunia kwenye uwanja wa Wembley, na mwamuzi alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Rattín alikuwa kiungo na nahodha wa Argentina. Alimfuatafuata mwamuzi akilalamikia maamuzi yake, na kabla ya mapumziko Kreitlein akamtoa nje. Rattín akagoma kutoka. Mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa huku yeye akionyesha kitambaa chake cha unahodha na kudai aletewe mkalimani, kwa kuwa yeye hakujua Kijerumani na mwamuzi hakujua Kihispania. Alipokubali hatimaye kutoka, akaenda kuketi kwenye zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya Malkia, jambo ambalo Waingereza hawajamsamehe hadi leo.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtovu wa nidhamu, na sisemi kwamba Rattín alikuwa malaika. Lakini kwa kipimo cha kanuni tunayoijadili, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kumwendea mwamuzi. Alikuwa nahodha na alikuwa na swali, akakosa lugha ya kuliulizia na mtu wa kulijibu.

Mmoja wa walioingia uwanjani siku hiyo kumshawishi atoke ni Ken Aston, Mwingereza aliyekuwa akisimamia waamuzi wa mashindano hayo. Naye alikuwa na kidonda chake, kwa maana mwaka 1962, mjini Santiago, alichezesha mechi ya Chile na Italia iliyogeuka vita, ambapo Mwitalia Giorgio Ferrini alipotolewa nje alikataa kuondoka mpaka polisi walipomwondoa. Baada ya mechi ya Wembley kukazuka utata mwingine: magazeti yaliandika kwamba ndugu wawili wachezaji wa Uingereza, Bobby na Jack Charlton, walikuwa wameonywa, ilhali wenyewe hawakuwa na habari. Aston, akiwa anaendesha gari kurudi nyumbani, alitazama taa za barabarani na kupata wazo la kadi ya njano na kadi nyekundu, ambazo zilitumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Kadi, kwa hiyo, ilibuniwa ili ifanye kazi ya mkalimani, na imeifanya vizuri kwa zaidi ya nusu karne, isipokuwa kwamba humjulisha mchezaji adhabu yake bila kumjulisha sababu.

Kwa miaka mingi sheria za mchezo ziliishia hapo. Uamuzi wa mwamuzi kuhusu tukio la mchezo ni wa mwisho, na anayeupinga kwa maneno au kwa vitendo huonywa. Nahodha naye hakupewa upendeleo wowote ila wajibu wa kuchunga tabia ya wenzake. Kisha, kabla ya fainali za Ulaya za mwaka 2024 nchini Ujerumani, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikatangaza kwamba nahodha pekee ndiye atakayemwendea mwamuzi kuomba maelezo, kwamba wengine watakaomzonga wataonyeshwa kadi ya njano, na kwamba timu ambayo nahodha wake ni mlinda mlango iteue mchezaji mwingine asiye kipa kwa kazi hiyo. Angalieni kilichoahidiwa: kupunguziwa kelele kwa mwamuzi, na maelezo kwa nahodha. Mimi naona watu wengi wameisikia ahadi ya kwanza tu.

Nimeshuhudia tofauti kwa macho yangu. Katika mechi moja kwenye uwanja wa vumbi, nje kidogo ya Morogoro, niliinua kibendera bao likakataliwa, na wachezaji saba wakanijia mbio, nami nyuma yangu nina kamba tu na mashabiki. Mwamuzi wa kati akawaondoa, akamwita nahodha wao pembeni na kumwambia kwamba mfungaji hakuwa ameotea, ila kuna mwenzake aliyekuwa ameotea na kumziba kipa asione. Nahodha hakukubaliana naye hata kidogo. Usoni ilionekana wazi. Lakini sasa alikuwa na neno la kuwapelekea wenzake, akalipeleka, na mpira ukaendelea. Katika mechi nyingine, mwamuzi aliyetuzidi umri sote hakumjibu mtu yeyote, kila aliyefungua mdomo alipata kadi, na jioni ile tuliondoka uwanjani tukisindikizwa na mgambo.

Najua hoja ya upande wa pili: mwamuzi akianza kueleza kila filimbi, mechi itageuka baraza la kata. Ni kweli. Maelezo yawe ya mabao, penalti na kadi nyekundu tu, tena kwa sentensi moja. Kwamba jambo hili linawezekana tuliliona mwaka 2023 katika Kombe la Dunia la Wanawake, ambapo mwamuzi akitoka kutazama marudio kwenye skrini alitangaza uamuzi wake kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikia.

Kumgusa mwamuzi ni shauri jingine kabisa, na hapo sina maelezo ya kudai. Mchezaji Paolo Di Canio alimsukuma mwamuzi Paul Alcock mwaka 1998 akafungiwa mechi 11. Mchezaji mwingine, Aleksandar Mitrović, alifungiwa mechi nane mwaka 2023 kwa kosa la namna hiyo hiyo na lugha chafu. Nasi tusijifanye watazamaji wa mbali, maana Machi 2012, kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, mwamuzi wa mechi ya Yanga na Azam alishambuliwa na wachezaji mchana kweupe.

Linabaki jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko Wazungu waliotunga kanuni hii. Klabu zetu zikicheza mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, mara nyingi huchezeshwa na mwamuzi anayezungumza Kifaransa au Kiarabu, huku nahodha wetu akiwa na Kiswahili na Kiingereza cha kubahatisha. Katika vikosi hivyo hivyo huwamo mara nyingi Mkongo au Mrundi anayekijua Kiswahili na Kifaransa sawasawa, lakini kwa kanuni hii yeye akisogea hatua mbili kusaidia, anastahili kadi. Ningependa basi, wakati wa kurusha sarafu, kila nahodha amtajie mwamuzi jina la mchezaji mmoja atakayeitwa kutafsiri penye haja, na huyo aruhusiwe kusogea bila kuadhibiwa. Rattín hakuwa akiomba zaidi ya hapo.