Mlima Kenya na Lamu kwa likizo moja: kabla ya lenzi, angalia mwezi

Ndugu, nimesoma swali lako mara mbili ndo nikaelewa vizuri. Uko na kamera ya krop (ile ya sensa ndogo) na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, umepata likizo ya wiki mbili Januari, unataka kupiga Mlima Kenya na Lamu, na unauliza ununue lenzi ndefu ya 70-200 ama ubadilishe bodi ya kamera uende ful fremu, ile ya sensa kubwa. Hapo juu wamekujibu sana upande wa vifaa na sikatai, lakini mimi nimepiga hizo sehemu zote mbili miaka kadhaa na naona hio pesa ukiiweka kwa siku za kulala huko utarudi na picha nzuri kuliko ukiiweka kwa lenzi. Hio 18-55 itakutosha Lamu karibu kila mahali. Ya mlima kodisha zumu ndefu ya kawaida, yaani lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, 55-250 au 70-300, hapa Nairobi zinakodishwa kwa siku. Nunua betri ya pili. Basi, vifaa vimeisha.

Sasa kabla hata hujapeleka barua ya likizo kazini, fungua kalenda ya mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Mlimani unataka usiku wa giza, zile siku mwezi umekwisha ama ndo unaandama, kwa sababu nyota ukiziangalia ukiwa mita elfu nne na hakuna taa ya mji karibu ni kitu huwezi kupata hata ukipanda Ngong. Lamu ni kinyume kabisa, Lamu unataka mwezi mpevu. Na kutoka mwezi kuandama mpaka kupevuka ni kama wiki mbili, sawa na likizo yako. Kwa hivyo anza na mlima wakati wa giza, shuka, pumzisha magoti siku moja, halafu teremka pwani mwezi ukiwa unajaa. Ukipanga hivi tu umeshapita watu wengi wenye kamera za bei.

Mlima kwanza. Mnakumbuka 2020 vile watu walibishana mtandaoni juu ya picha ya Mlima Kenya ukiwa nyuma ya majengo ya Nairobi, wengine wakaapa ni fotoshop? Mlima uko kama kilomita 140 kutoka hapa na asubuhi safi unaonekana kabisa, hasa mvua ikishaosha vumbi. Kinachochanganya watu ni lenzi ndefu. Ukirudi nyuma mbali na majengo, majengo yanapungua machoni, lakini mlima haupungui kwa sababu tayari uko mbali sana na hizo kilomita chache ulizorudi haziubadilishi kitu, halafu zumu inavuta vyote viwili pamoja. Ndo maana nimesema ukodishe ile zumu. Ukiwa Nanyuki usiukimbilie mlima, rudi nyuma, tafuta mti ama kibanda ama ng'ombe wa mtu ukiweke mbele uone vile kilele kinasimama.

Lakini Nanyuki iko na shida moja ambayo watu hawaambiwi. Mji uko magharibi ya mlima, na Januari jua linatokea karibu nyuma ya vilele kabisa, kwa hivyo asubuhi utapata umbo jeusi tu na anga ya rangi nyuma yake. Ni picha nzuri, sikatazi, ila ukitaka kuona mwamba wenyewe ukiwaka basi ni jioni, na jioni mawingu ndo yanakaa. Jua likishapasha mabonde hewa yenye unyevu inapanda, na saa tatu saa nne hivi asubuhi kilele kimeshafunikwa. Siku zingine yanafunguka dakika chache kabla ya jua kuzama. Hapo ndo siku za ziada zinalipa, ukilala usiku mmoja pekee unacheza bahati nasibu.

Ukipanda, Januari mimi ningeenda njia ya Chogoria, upande wa mashariki. Mwanga wa asubuhi unaingia moja kwa moja lile bonde la Gorges, na ukisimama juu ya mwamba wa Temple unaona Ziwa Michaelson chini yako kabisa, mahali hata lenzi ikiwa kwa upana wake wote, 18, fremu inajaa. Kingine, mwanzo wa mwaka jua liko kusini ya ikweta, kwa hivyo nyuso za kusini za Batian na Nelion, vile vilele viwili vya juu kabisa, zinapata jua, na za kaskazini, zile unaziona ukiwa kambi ya Shipton's, njia ya Sirimon, zinakaa kivulini. Kati ya mwaka inageuka. Wapandaji wa kamba wanaijua hii kitu kwa sababu barafu inawafuata huko kivulini, lakini sisi wa kamera tunapanda tu bila kuuliza.

Lenana, kilele ambacho wengi wetu hufika kwa miguu bila kamba, ni mita 4,985 na karibu kila mtu anaanza kupanda saa nane ama saa tisa usiku ili awe juu jua likitoka. Ukifika utaona kila mtu ameangalia mashariki, simu juu, ama amepanga laini ya kupiga picha na kibao. Wewe geuka. Nyuma yako ni Nelion, na ng'ambo ya kile kipande cha barafu ya Lewis kilichobaki, mwamba unaanza kuwaka kutoka juu ukishuka, kwanza rangi ya damu ya mzee, halafu chungwa, halafu ghafla umekuwa wa kijivu wa kawaida na imeisha. Kwa ikweta jua linapanda wima, halitambai, kwa hivyo hio rangi ni ya dakika chache sana. Kamera iwe imeshasetiwa, stendi imefunguliwa, glovu nyembamba ndani ya nene ili uweze kubonyeza bila kuvua zote. Betri zilale na wewe ndani ya slipingi bagi, baridi inazikausha. Na uende na mwongozaji anayejua mlima, umwambie mapema unataka kupanda polepole na kulala usiku wa ziada, kichwa kikikuuma kwa sababu ya hewa nyepesi hutaiona picha yoyote.

Pwani sasa. Kuna mtu hapo juu amesema miji ya pwani hupigwa jioni. Unguja ni kweli, Mji Mkongwe umetazama magharibi, jua linazama baharini mbele ya Forodhani. Lamu usijaribu hivyo. Mji wa Lamu umetazama mashariki, ng'ambo yake ni Manda, kwa hivyo jioni jua linazama nyuma ya nyumba na ukuta wote wa mbele unakuwa giza. Mombasa pia, Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa. Picha ya mji ni asubuhi, na uipige ukiwa majini. Ongea na nahodha usiku uliopita, mkubaliane bei kabisa, akuchukue gizani kabla ya alfajiri kutoboka, mvuke mpaka karibu na Manda halafu mgeuze. Kumbuka huko jua linatoka mapema kuliko Nairobi, kama robo saa, ukitegemea mazoea ya huku utachelewa.

Hapo ndo mwezi mpevu unaingia. Jua, dunia na mwezi zikiwa mstari mmoja bahari inavutwa zaidi, ndio hio bamvua, na pwani yetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu saa nne. Maanake jua likitoka maji bado yako juu yamegusa ukuta, mashua zinaelea, na nyumba zinaonekana mpaka chini ndani ya maji kama upepo umetulia. Na mwezi wenyewe, kwa vile umepevuka, unashuka magharibi saa hio hio jua linapanda, kwa hivyo ukiwa kwa boti una mwezi juu ya mapaa ya mji na mwanga wa jua ukutani, fremu moja. Jioni inageuka, unakaa zako gatini na mwezi unachomoza kutoka Manda ukiwa umekutazama. Siku za maji mafu, zile bahari haipandi wala kushuka sana, hupati hii. Saa nne asubuhi ya bamvua maji yametoka, mashua zimelala ubavu kwa matope na punda wanashuka kuchukua mizigo, hio nayo piga, usirudi kulala.

Ndani ya mji sahau jua la asubuhi, vichochoro ni vyembamba halifiki chini. Usita wa Mui na vijia vyake mimi hupita kati ya saa nne na saa nane, wakati kila mtu anakwambia usipige picha. Mwanga unagonga ukuta mmoja wa chokaa juu, unarudi ukutani upande wa pili, na ukifika mlangoni umeshalainika. Milango ya nakshi ipige wakati huo ukisimama kando kidogo, ukisimama mbele kabisa nakshi inalala bapa na kazi ya fundi haionekani. Na usipige ile milango maarufu peke yake. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja lilijengwa 1883, likapigwa picha na kila mtalii, na bado Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, sembuse nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ambayo hakuna mtu ameikumbuka. Hizo picha za nyumba za kawaida naziamini kuliko za machweo.

Watu. Lamu imekuwa kwa orodha ya UNESCO tangu 2001 na wenyeji wamechoka kulengwa na lenzi kama wanyama wa mbugani. Salimia, shikamoo kwa mzee, kaa barazani kidogo, halafu uliza. Akina mama usiwapige bila ruhusa, na wengi watakataa, unashukuru unaendelea. Enda Matondoni, upande mwingine wa kisiwa, bado wanaunda majahazi. Niliwahi kukaa na fundi mmoja wa kalafati, kazi ya kuziba nyufa za chombo, karibu asubuhi nzima kamera ikiwa begini, yeye anasokota pamba yenye mafuta, anaiingiza kwa ufa wa mbao, anaigonga na patasi, tak tak, anapitisha kidole gumba kuona kama imekaa, akisikia bado anagonga tena. Baadaye akaniuliza mwenyewe kama sikuja na kamera kwa kazi. Picha ninayoipenda ya hio safari ni hicho kidole gumba juu ya ufa, 55mm, kivulini, hakuna bahari hata kidogo.

Kuhusu unyevu, usilaze kamera kwa chumba chenye eisii (kiyoyozi), ukitoka nje lenzi itashika ukungu na alfajiri haikungoji. Chumvi ipanguse kila jioni na kitambaa kilicholowekwa maji baridi kikakamuliwa. Lenzi usibadilishe ukiwa kwa boti. Droni bila kibali achana nayo kabisa, mlimani na Lamu. Na ukipitia Mombasa, kamera iwe begini kwa feri, bandarini na karibu na kambi yoyote ya ulinzi. Fort Jesus piga asubuhi kutoka majini, zile kuta za 1593 zinapendeza jua likiwa chini.

Usafiri, treni mpaka Mombasa halafu basi kupitia Malindi na Garsen mpaka Mokowe, kisha boti. Ni safari ndefu, usiiweke siku moja na kushuka mlima.

Angalia pia kama tarehe zinaingiliana na Ramadhani, mji utakuwa kimya mchana na kuchangamka usiku, ni nzuri lakini ni mpango tofauti. Ukishajua siku ambazo bosi amekubali ziandike hapa, nikutolee saa za kujaa na kupwa za Lamu kwa hizo siku, na kuna mwenzetu humu anapanda Chogoria mara kwa mara atakuambia njia ya gari iko aje kwa sasa.