Risasi ya Bunduki au ya Bastola: Ipi Inafaa Kujifunzia Shabaha?

SWALI: Nina leseni ya kumiliki silaha, na mwezi uliopita nilijiunga na klabu ya kulenga shabaha hapa Nairobi. Baadhi ya wenzangu wananishauri nianze na bastola ya milimita 9, na wengine wanashikilia kwamba risasi ya bunduki ndiyo inayolenga vizuri kwa sababu ina nguvu zaidi. Juzi msimamizi wa uwanja alimkataza mwenzetu kupiga vibao vya chuma kwa bunduki, ilhali sisi wa bastola tulikuwa tumevipiga asubuhi nzima. Naomba ufafanuzi. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, ziweke mezani risasi mbili, moja ya milimita 9 na nyingine ya bunduki ya aina ya .223 (namba hizi hutaja unene wa risasi, ya kwanza kwa milimita na ya pili kwa inchi), uzitazame kwa makini. Ya bastola ni fupi na nene, haifiki hata sentimita 3, na ganda lake limenyooka kama mkebe. Ya bunduki inakaribia sentimita 6, na ganda lake lina mabega na shingo kama chupa, kwa kuwa limeshindiliwa baruti nyingi nyuma ya kichwa chembamba, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha. Kichwa cha ile ya bastola kina uzito wa gramu 7.5 hivi, nacho hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 360 kwa sekunde. Cha bunduki ni chepesi karibu kwa nusu, lakini kasi yake hukaribia mita 1,000 kwa sekunde, na kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kichwa hicho chepesi hubeba nguvu zaidi ya mara tatu ya kile kizito.

Msimamizi wenu alitenda haki kabisa. Risasi ya bastola ikigonga kibao cha chuma ambacho uso wake hauna mashimo, hupasuka na vipande vyake hutawanyika kandokando. Ya bunduki, ikipigwa kwa karibu, huchimba kishimo katika chuma, na kishimo hicho kinaweza kumrudishia vipande mpigaji atakayefuata, hata akiwa anatumia bastola.

Ama hoja ya kwamba nguvu ndiyo inayoleta shabaha nzuri, siikubali. Katika mashindano ya Olimpiki, bunduki ya mita 50 na bastola ya mita 25 hutumia risasi ileile ndogo ya .22, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1887. Hata hivyo, duara la alama kumi la bunduki lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, na la bastola ya kulenga kwa utulivu lina milimita 50, ingawa liko karibu kwa nusu ya umbali. Tofauti hiyo haitokani na risasi. Bunduki hutulia begani na shavuni, na vilengeo vyake viwili vimeachana sana, kwa hiyo kosa dogo la jicho huonekana mapema. Bastola inaning'inia mwishoni mwa mkono, na kila mtikisiko wa kifundo huonekana kwenye karatasi. Tena wapigaji hao huchagua kwa makusudi risasi zisizofikia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, maana kichwa kinachopunguza mwendo na kuvuka kasi hiyo kikiwa angani huyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uanze na .22, ya bunduki kwanza, kisha ya bastola. Ni ya bei nafuu kuliko hizo nyingine, mshindo wake ni mdogo, na haitakufundisha ile tabia mbaya ya kufumba macho na kusukuma mkono chini kabla risasi haijatoka, tabia ambayo nimeona ikiwachukua watu miezi kuiacha. Milimita 9 itafuata ukishatulia, kwa umbali wa mita 7 hadi 25. Ukirekebisha vilengeo ili igonge pale unapolenga kwa mita 25, kisha ukapiga kwa mita 100, itashuka takriban sentimita 30; umbali huo uachie .223.

Kabla ya kupakia, linganisha maandishi yaliyo kwenye kitako cha ganda na yale yaliyochorwa kwenye silaha yako, hata kama boksi ni jipya. Ukimaliza mazoezi, nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu vumbi la madini ya risasi hubaki vidoleni, na ni sumu.