Ukiokota Upanga Hujaokota Ujuzi

Jumamosi iliyopita nimeyaona tena. Kijana mmoja, wiki yake ya tatu mezani kwetu Ntinda, Kampala, tunapocheza michezo ya kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu, mhusika wake mchawi kaokota upanga mrefu kwenye maiti ya nahodha wa majambazi. Kabla rolex yake, ile chapati ya mayai, haijapoa alishajumlisha kwenye dadu ya shambulio bonasi ya umahiri, nyongeza ya anayeijua silaha. "Si ninao mkononi?" akaniuliza. Ssebo, mimi nimewahi kushika usukani wa boda ya jirani. Taa ya mbele ndiyo iliyolipa.

Basi wadogo zangu, nayaandika mara moja nisije nikayarudia kila wiki.

1. Someni karatasi za wahusika wenu. Kwenye Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, mchawi anajua jambia, vishale, kombeo, fimbo na upinde mwepesi wa kufyatulia. Basi. Upanga anaweza kuupunga atakavyo, ila ile +2 ya umahiri haimhusu. Na mshukuru: toleo la tatu, la 2000, lilikuwa linakukata 4 nzima kwenye dadu ya shambulio, na kabla yake toleo la pili lilimkata mchawi 5. (Angekuwa wa jamii ya "high elf", hewala, upanga mrefu amezaliwa nao. Wake ni binadamu, nimekagua.)

2. Njia zipo: chukua kipaji cha silaha, kinakupa umahiri wa silaha nne kwa mpigo, au ingia klasi ya mpiganaji. Zile siku 250 za mafunzo kwa sarafu moja ya dhahabu kwa siku kitabuni ni za lugha na vifaa vya kazi. Meza yetu imezipanua hadi silaha, kwingine ulizeni kwanza.

3. Sasa nyinyi wa Alhamisi, wa mchezo mwingine, RuneQuest, ambako kila ujuzi ni asilimia. Nawaona mnavyobeba silaha kama wachuuzi wa soko la Owino, na najua mnachokitafuta, maana nilikitafuta kabla yenu. Ni ile alama. Ukifaulu na silaha unatia alama kwenye kisanduku chake katika karatasi yako. Kisa kikiisha unatupa dadu za mia (zinazotoa 1 hadi 100), ukivuka asilimia uliyo nayo, unapanda. Alama ni moja tu, hata ufaulu mara kumi. Na kadiri ulivyo hodari ndivyo kupanda kunavyokuwa kugumu. Tamaa inaingilia hapo.

Mkuki wangu ulikuwa asilimia 80, na alama yake nilishaipata mwanzoni mwa kisa. Shoka lilikuwa 25, kisanduku cheupe. Tulikuwa sebuleni kwa shangazi, mjini Bombo, umeme umekatika, tunasoma karatasi kwa tochi ya simu. Mchezoni, matroli, yale majitu, wametubana darajani. Binamu yangu alikuwa na mganga, mhusika aliyemlea miaka miwili, na alimsimamisha nyuma yangu kabisa kwa sababu mimi ndiye ukuta. Nikaangusha mkuki, nikachomoa shoka. Nikasema mkuki umeteleza kwa damu. Uongo mtupu, hesabu nilishapiga. Nikakosa. Nikakosa tena. Troli akapita ubavuni mwangu, rungu likamkuta mganga kichwani, na mwendeshaji wetu, yule anayesimulia kisa na kuamua kanuni, ambaye hakuwa mtu wa kuhurumia dadu, akafunga daftari lake kwanza ndipo akasema amekufa. Pigo la tatu nikapata. Mkono wangu, aibu hii sijaisahau, ulikwenda kwenye penseli kabla sijamtazama binamu usoni.

Mwisho wa kisa nikatupa dadu za shoka: 19. Hata hiyo 25 sikuivuka.

Baadaye tunaosha sahani, binamu akaniuliza bila kugeuka, "Kwani mkuki ulikuwa umevunjika?" Alikuwa ameiona ile alama. Nikamwambia sahani hii bado ina mafuta.

Kwa hiyo ukitaka alama ya shoka, itafute kwa troli mmoja mgonjwa, mchana, wenzako wakiwa wameketi. Na uwaambie.

4. Wa mchezo wa GURPS: pointi moja ya ujuzi ni saa 200 za mwalimu, au 400 ukijifundisha peke yako. Saa zako andika mwenyewe, mimi si karani.

5. Mnaoanza kuendesha michezo: mwalimu wa silaha awe na jina, deni na tabia moja mbaya. "Unafika mjini, unajifunza upinde, unaondoka" hiyo ni risiti ya duka.

Na wewe kijana wa upanga, usiutupe. Yule nahodha naye alifundishwa na mtu. Mzee huyo yu hai, ana jicho moja, anapokea wanafunzi kwa ada, na upanga wa mwanafunzi wake anaujua hata gizani. Jumamosi njoo na penseli.