Mcheri mfupi kwenye ua mdogo, na mkasi ulioniponza

Kwetu Moshi ukitaja cheri mtu anajua unasema kahawa: ile mbivu, nyekundu, bado ina ganda lake, haijapita kwenye mashine ya kumenyea. Kwa hiyo mwaka 2015 nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimepanda cheri nyuma ya nyumba yangu hapa Reading, Uingereza, alicheka akauliza hiyo kahawa nitaianika kwa jua la nani. Nikamgeuzia kamera aone. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "umenunua fimbo."

Hakukosea sana. Huku miti ya matunda huuzwa kuanzia Novemba hadi Machi ikiwa imelala, haina jani hata moja, mizizi iko wazi ndani ya mfuko wenye unyevu. Bei yake ni nafuu kuliko ya mti ulioko kwenye chungu, na inashika vizuri. Fimbo yangu ilikuwa na kadi yenye picha ya matunda mekundu na neno moja tu, cheri. Sikuuliza kitu kingine, nikalipa nikaondoka. Hilo ndilo kosa ambalo mwenye ua mdogo hapaswi kulifanya, maana mengine yote yanarekebishika.

Mcheri wa kununua ni mche wa kubebesha, kama miembe ya kisasa au parachichi za Njombe. Juu kuna kikonyo, yaani kijiti kilichoungwa cha aina unayotaka kula, chini kuna mche mama wenye mizizi, wa aina nyingine kabisa. Kikonyo kinakupa ladha na rangi, lakini kimo kinaamuliwa na mche mama. Zamani kule Kent, mkoa wa Uingereza uliosifika kwa cheri, micheri ilibebeshwa kwenye mizizi ya cheri ya porini, na wachumaji walipanda ngazi ndefu kama za mafundi wa paa. Baadaye kituo cha utafiti cha East Malling, hukohuko Kent, kikatoa mche mama unaoitwa Colt. Huo unapunguza kimo kiasi tu. Ukiuacha, mti unaweza kupita mita 5. Unaofaa ua kama wangu, wenye mita 6 kwa 4 na kamba ya kuanikia nguo katikati, ni Gisela 5, ambao mti wake huishia mita 2.5 hadi 3 hivi. Nilidhani Gisela ni mama fulani aliyeenziwa. Kumbe ni kifupi kinachotokana na Giessen, mji wa Ujerumani ulikozalishwa.

Basi ukienda kitalu, kabla ya kuuliza aina ya tunda, uliza mche mama ni upi. Muuzaji asipojua, tafuta mwingine. Na neno "mfupi" kwenye kadi usiliamini peke yake. Nimeona miti "mifupi" ya mita 4.

Wangu haukuwa na jina lolote chini, na mwaka 2018 ulikuwa umefika dirisha la chumba cha juu. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kipolandi ambaye nguo zake zilikuwa zikikosa jua kwa ajili yangu, alinisemesha kwa upole mara mbili. Mara ya tatu hakusema, akauangalia mti tu.

Nikatoa mkasi. Ilikuwa Januari 2019, na hapo mkono ulifanya ulichozoea. Baba alikuwa akipogoa mibuni mavuno yakishakwisha, Januari na Februari, nasi watoto tukibeba matawi kwenda kulisha moto jikoni. Nikaona mti umelala, hauna majani, matawi yote yanaonekana: wakati gani mwingine ungefaa? Nilikata kama nilivyoona kwa baba, nikasimama nyuma kuitazama kazi yangu nikaridhika.

Mwezi wa sita nikaona gundi. Ilitoka pembeni ya vidonda vyangu, ya rangi ya asali, mwanzoni laini kisha ikagandamana kama ubani. Tawi moja majani yake yakageuka rangi, yakapata mng'ao wa bati jipya. Nililikata nikatazama mkato: katikati ya mti mweupe kulikuwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Doa hilo likafuata tawi hadi shinani. Ule mng'ao ni ugonjwa wa ukungu unaoingilia kwenye vidonda vibichi, na mbegu zake huruka zaidi katika unyevu wa vuli na baridi. Gundi nayo mara nyingi ni dalili ya donda la bakteria, ambaye pia hupenda majira hayohayo ya baridi na maji. Mimi nilikuwa nimemfungulia kila mgeni mlango kwa mkono wangu. Kufika Septemba nilikuwa nauchimbua mti wote.

Mcheri unapogolewa kiangazi. Juni, Julai, mpaka Agosti, siku kavu, mkasi umepanguswa kwa spiriti. Mti ukiwa na majani na nguvu hufunga kidonda upesi. Wakati wa baridi, uone tawi limekuudhi namna gani, liache. Mimi sasa mkasi naufungia stoo Oktoba, maana najijua.

Novemba mwaka huohuo nikapanda wa pili: Stella juu, Gisela 5 chini. Stella niliichagua kwa sababu ya ufinyu wa eneo. Cheri nyingi tamu za zamani hazijichavushi. Unahitaji mti wa pili wa aina nyingine unaochanua wakati uleule, na nyuki wa kuwaunganisha. Stella inajitosheleza. Ilizalishwa Summerland, British Columbia, Kanada, ikatolewa mwaka 1968, na tangu hapo mtu mwenye ua wa mti mmoja anakula cheri tamu. Siku hizi kuna nyingine za namna hiyo, Sunburst na Lapins kwa mfano, zote kutoka Summerland hiyohiyo.

Kwenye kupanda, jicho lako liwe kwenye kovu la kubebesha, lile pindo shinani kikonyo kilipoungwa. Libaki juu ya udongo, upana wa kiganja au zaidi. Ukilifukia, kikonyo kitatoa mizizi yake chenyewe, na mti utasahau kabisa kwamba ulinunuliwa uwe mfupi. Halafu ufunge kwenye nguzo imara, wala usije ukaiondoa baada ya miaka miwili kama unavyofanya kwa miti mingine. Gisela 5 ina mizizi dhaifu, na upepo wa huku hauna huruma na mti uliobeba matunda. Udhaifu huohuo unaifanya isishindane na majani: duara la mita moja kulizunguka shina lisiwe na nyasi hata moja.

Hapo ndipo kihamba, shamba letu la Kichagga linalozunguka nyumba, kilinisaidia. Kwetu udongo chini ya mibuni hauachwi uchi, kuna majani makavu ya migomba muda wote. Huku sina mgomba, nina mboji na nyasi kavu, ila kazi ni ileile ya kutunza unyevu. Acha tu nafasi ya vidole vinne kati ya matandazo na shina, lisije likaoza.

Mwaka wa pili ukachanua vizuri, nikapiga picha nikamtumia kila mtu. Hiyo ilikuwa Aprili 2021. Kama ulikuwa Uingereza unaikumbuka Aprili ile: haikuwahi kuonekana yenye siku nyingi za sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, kiasi hicho kwa miaka 60. Mchana jua, usiku nyasi zinakatika chini ya kiatu. Maua kwa nje yalibaki meupe, mazuri tu. Nilipolipasua moja kwa kucha nikakuta katikati, pale tunda linapoanzia, pamekuwa peusi kama kichwa cha njiti ya kiberiti iliyowaka. Nikapasua la pili, la kumi. Yote. Mwaka ule nilivuna cheri saba.

Ua la mcheri likishafunguka linaanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na kwenye 4 chini ya sifuri karibu yote yamekwenda. Uzuri wa mti mfupi ni kwamba unaweza kuufunika. Kuna kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mimea, huuzwa kwa mita. Nakitupia juu ya mti jioni kabla umande haujashuka, nakibana chini kwa vibanio vya nguo, asubuhi nakitoa ili nyuki waingie. Siku ya kwanza sikuwa nacho, nikatumia chandarua nilichokibeba kutoka nyumbani miaka ile, ambacho huku hakijawahi kupata mbu wa kumzuia. Kwa sakitu hakikufaa kitu. Ila msikitupe chandarua, nakirudia.

Julai ni mwezi wa ndege. Cheri ikianza tu kutoka njano kwenda wekundu, kabla hata haijawa tamu, kuna ndege mweusi mwenye mdomo wa njano anayekuja alfajiri, kisha kwezi kwa makundi, kisha njiwa pori wanene wanaovunja vijiti kwa uzito wao. Watakumalizia mti kwa asubuhi mbili. Sidi za zamani zinazometameta nilining'iniza. Kwezi mmoja alikaa juu ya kamba ya sidi. Wavu wa bustani wenye matundu makubwa nao sikuupenda, ndege walinasa miguu na kazi yangu ikawa kuwanasua. Chandarua ndicho kilichonikomboa. Matundu ni madogo, hakuna anayenasa, na kwa mti wa mita 2.5 kilitosha kabisa: nimekishika juu kwa miti minne ya mianzi, chini nimekifunga shinani kwa kamba. Kifunge kweli, ndege mweusi anajua kutembea.

Mvua ndiyo sina dawa nayo. Ikinyesha sana cheri zikiwa zimekaribia kuiva, tunda hujaa maji ngozi ikapasuka, na lililopasuka huoza kesho yake. Nikisikia utabiri mbaya navuna yaliyokwisha iva, hata usiku kwa tochi. Yachumwe pamoja na vijiti vinavyoyashikilia, kwa mkasi mdogo. Ukivuta tunda unang'oa na chipukizi la mwakani, kwani cheri tamu hubeba kwenye vijishina vilevile vifupi mwaka hadi mwaka.

Vidukari weusi watakuja Mei, wakunje majani ya ncha kama ngumi. Nazikata ncha hizo mwezi wa sita nikiwa napogoa, nyingine nazipiga maji kwa mpira. Sijawahi kunyunyiza sumu.

Na walio na baraza tu, hawana udongo? Mti wangu wa tatu uko kwenye chungu. Ni Morello, cheri kali ya kupikia, na nimeuweka kwenye ukuta wa kaskazini usiopata jua la maana. Cheri tamu ingesusa pale. Morello hairingi, tena inajichavusha. Chungu chake kina upana wa sentimita 50, na udongo ni udongo hasa uliochanganywa na mboji, maana mboji tupu hushuka na kukauka. Nampa mbolea ya maji, ile inayouzwa kwa ajili ya nyanya, kila wiki tangu maua hadi matunda yanapogeuka rangi, na kila baada ya miaka miwili namtoa, napunguza mizizi ya pembeni, namrudisha na udongo mpya. Kumbuka tu kwamba Morello huzaa kwenye vijiti vya mwaka uliopita. Ukishavuna Agosti, kata baadhi ya vilivyozaa ili vipya vipate nafasi.

Maji ndiyo mtihani wa chungu. Tarehe 19 Julai 2022, siku Uingereza ilipofika nyuzi 40.3 kwa mara ya kwanza, nilimwagilia asubuhi nikaenda kazini kwa amani. Jioni majani yalikuwa yananing'inia kama nguo zilizoloa, na wiki hiyo nusu ya matunda yakadondoka. Siku za joto ni asubuhi na jioni, mpaka uone maji yanatoka chini.

Morello ndiyo iliyotupatanisha na bibi wa Kipolandi. Kwao cheri tamu na cheri kali zina majina mawili tofauti, kama machungwa na ndimu, na alinieleza wazi kwamba ile Stella ni ya watoto. Siku hizi huja Julai kuomba majani, si matunda: huyatia kwenye maji ya chumvi anapochachua matango, ili yabaki magumu yakitafunwa. Nilicheka kwanza. Nimeyala, ni kweli.

Mama naye aliomba mbegu apande Moshi. Nikamweleza kwamba mbegu haitoi tunda la mama yake, na tena mcheri hauchanui mpaka ulale: unataka saa 800 au zaidi za baridi chini ya nyuzi 7, kila mwaka, na kihambani kwetu hazipatikani. Mlimani kwenyewe kuna ndugu yake, ule mti wa msituni ambao Wakikuyu huuita muiri. Ukisugua jani lake linanuka uchungu uleule wa jani la cheri. Huo haulimwi kwa matunda. Magome yake ndiyo yaliyotafutwa mno kwa dawa ya tezi dume, hata biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995.

Nikampelekea jemu ya Morello chupa mbili badala yake. Ameniambia cheri ni nzuri ila sukari nimezidisha, na je, ile fimbo ya kwanza niliitupa wapi, mbona ingefaa kuni.