Sadaka ya Sabato katika Hesabu 28 na utoaji wetu wa Jumapili

Ndugu mleta mada, umeuliza kama wana-kondoo wawili wa Sabato wanaotajwa katika Hesabu 28:9-10 wana lolote la kumfundisha Mkristo, ilhali Waebrania inasema Kristo alijitoa mara moja tu, na kama ni kweli kwamba sadaka ya siku ya ibada inapaswa kutolewa maradufu. Nimehudumu kama mhazini wa usharika kwa miaka kadhaa, na aya hizo mbili zimenijenga kuliko mahubiri mengi ya utoaji niliyowahi kuyasikia.

Kila siku Israeli ilitoa mwana-kondoo mmoja asubuhi na mwingine jioni, kila mmoja pamoja na unga uliochanganywa na mafuta na sadaka yake ya kinywaji. Siku ya Sabato waliongezwa wawili wengine, na unga sehemu mbili za kumi za efa, yaani lita nne na ushei. Sadaka hiyo iliwekwa juu ya ile ya kila siku wala haikushika nafasi yake. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi wetu tumeifanya Jumapili kuwa fidia ya siku sita tulizoishi bila sala wala kumkumbuka jirani.

Tena, mwanzo wa mwezi aliongezwa beberu kwa ajili ya dhambi, lakini Sabato haikuongezewa sadaka ya dhambi. Haikuwa nadhiri, na aya zile hazitaji ahadi yoyote ya malipo. Anayewaambia waumini wapande mbegu ili wavune gari hawezi kuegemea hapa.

Lakini lililonigusa zaidi ni nani aliyegharamia. Katika Nehemia 10:32-33 watu wanajiwekea sharti la kutoa theluthi ya shekeli kila mwaka kwa ajili ya mikate ya wonyesho (ile iliyowekwa mezani mbele za Mungu hekaluni), sadaka za daima na zile za Sabato. Maana yake, hakuna tajiri aliyeweza kusimama uani mwa hekalu na kusema kwamba mwana-kondoo yule ni wake. Mezani petu, tunapohesabu baada ya ibada, noti mpya za elfu kumi zinalala pamoja na sarafu za mia mbili zilizotoka kwenye pindo la khanga, na fedha za mnada wa mayai na ndizi. Zikishachanganywa, bili ya umeme na posho ya mwinjilisti hulipwa kutoka kwenye fungu hilohilo. Niliwahi kuwa mahali ambapo majina na viwango vilisomwa madhabahuni, na nikaona kina mama wajane wakianza kubaki nyumbani Jumapili za kusomwa majina. Huo ni uovu, nami sioni namna ya kuutetea kwa Biblia.

Mikate ya wonyesho, kumi na miwili, ilibadilishwa kila Sabato, na ile iliyoondolewa ililiwa na makuhani; kwa hiyo kumlisha mtumishi si jambo la kuonea haya. Ni mikate hiyo ambayo Daudi alipewa na kuhani katika mji wa Nobu alipokuwa na njaa, na Yesu aliitetea hatua hiyo katika Mathayo 12.

Kuhusu maradufu, hapana. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na Agano Jipya halimwekei Mkristo hesabu hiyo. Paulo, akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma kadiri ya kufanikiwa kwake, na Waebrania 13:15-16 inaziita sifa za midomo na kushirikiana kuwa dhabihu zinazompendeza Mungu. Kwetu sasa bahasha zina namba tu, jumla ndiyo inayotangazwa, na sehemu ya kila Jumapili hutengwa kwa wagonjwa na wajane kabla ya matumizi mengine. Kama baraza lenu la wazee bado linasoma majina, mshauri mwenyekiti wake kwa upole, huku Nehemia 10 ikiwa wazi mkononi.